Chokaa ya Mjomba

Jumapili, 2 Machi

Dada, leo nimeanza kuandika, na naapa sitaruka kitu. Uliponipigia simu mara ya mwisho ulisema, "Niandikie yote, hata yale yanayokutia aibu." Sikuweza kukujibu vizuri kwa sababu simu ilikuwa ya Anti, na Anti alikuwa amesimama papo hapo akikunja shuka lilelile kwa mara ya tatu. Kwa hiyo nitaandika hadi mvua ziishe, kisha nitampa konda wa basi akuletee huko hospitalini unakofanya kazi. Mwalimu wetu wa lugha anasema anayeandika shajara asijipambe mwenyewe wala asiwapake wengine matope. Nitajaribu.

Hali ya hapa ni hii. Mjomba bado ni meya, na mji wote ni mweupe. Tangu uondoke amepaka chokaa kingo za barabara, mashina ya miti, ukuta wa soko, na hata lile jiwe la njia panda ambalo malori huligonga kila mara. Watu wamempa jina la Mheshimiwa Chokaa. Wapo wanaolitaja kwa upendo. Usisahau kwamba tangu alipozibua mitaro, kipindupindu hakijarudi, na darasani kwetu hakuna tena dawati linalobaki tupu baada ya mvua. Wapo pia wanaolitaja kwa kuuma meno, hasa wale aliowaondoa barabarani na meza zao za biashara. Mimi nipo kundi la kwanza. Amenilea, Dada. Kila jioni ananisaidia hesabu, na mpaka leo ananiita "mama" kwa sababu anasema nina uso wa dada yake.

Sasa anautaka ubunge. Wageni wa chama watakuja kutoka makao makuu kutazama mji, halafu waamue kama jina lake lipite.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Mtihani wa hesabu: Mjomba alinifundisha sura nzima ambayo haikutoka hata swali moja. Tumecheka wote wawili.

Jumapili, 9 Machi

Nyapara wa vibarua wa manispaa alikuja kunywa chai. Mimi nilikuwa pale pale mezani nikipiga pasi sare yangu, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mheshimiwa," alisema nyapara, "chokaa tupu, mvua ya kwanza tu inaondoka nayo."

"Tia gundi."

"Gundi ya maseremala?"

"Yoyote inayoshika. Wageni wakija baada ya mvua wakute mji bado unang'aa."

"Na kule makaburini je? Barabara inapita pale pale."

"Kila jiwe linaloonekana kutoka kwenye gari liwe jeupe. Sitaki mtu aone ukungu wa kijani."

"Hata yale yenye..."

"Kila jiwe, nimesema. Kunywa chai, inapoa."

Nyapara akanywa. Vibarua wake wanalipwa kwa jiwe, si kwa siku, kwa hiyo jiwe likitajwa tu linapakwa. Nilifikiri atauliza tena. Hakuuliza. Na mimi bado sielewi kilichokuwa kinazungumzwa.

Ijumaa, 14 Machi

Makaburi yote ni meupe.

Nilipita baada ya shule kumsalimia Mama. Unakumbuka palivyo: uwanja unateremka kutoka barabarani hadi mtoni, na njia ya miguu inapita katikati sambamba na mto, upande mmoja ukielekea mtoni, mwingine barabarani. Mabamba ya sementi yamelala pande zote mbili, yote sawasawa, kwa sababu manispaa huyafyatua kwa kalibu moja. Kilichokuwa kikiyatofautisha ni jina lililoandikwa juu kwa rangi nyeusi. Sasa hakuna jina. Chokaa imepita juu ya yote, nene na laini, kazi safi kabisa.

Nilitembea huku nikijiambia miguu itanipeleka yenyewe. Haikunipeleka. Dada, miaka yote hii nilizoea kusoma jina, sikuzoea kutazama mahali. Nilikuwa mdogo alipozikwa, nilibaki nyumbani na Anti, na tangu hapo nimekuwa nikitafuta maandishi tu, kama mtu anayetafuta ukurasa kwenye kitabu.

Nilimkuta fundi viatu wa mbele ya ofisi ya manispaa, yule tunayemwita Soli. Mke wake alizikwa mwezi uleule na Mama. Alikuwa amebeba kile kidebe anachokalia kila Ijumaa akienda kumtembelea, lakini hakuwa amekaa.

"Shikamoo, Soli."

"Marahaba, mwanangu. Nawe umepotea?"

"Ndiyo."

"Basi tupotee wote," akasema. Akakigeuza kidebe huku na huku, akaondoka nacho.

Jumamosi, 15 Machi

Leo watu walijaa mbele ya ofisi ya manispaa. Sijawahi kuona umati ulionyamaza namna ile. Hawakubeba mabango. Walisimama tu, wengi wao akina mama, na wa mbele kabisa alikuwa yule muuza mboga aliyefukuzwa barabarani mwaka jana.

Mjomba alitoka bila walinzi. Alisimama kwenye ngazi akavua miwani.

"Ndugu zangu, vibarua wamekosea," alisema. "Wanalipwa kwa jiwe. Wameona mawe, wakapaka. Nimeumia kama ninyi, maana dada yangu wa tumbo moja yumo mle. Lakini chokaa ni chokaa. Mvua ikinyesha, majina yatarudi."

"Na isiponyesha?" aliuliza muuza mboga.

"Mama yangu, mimi ni meya, si wingu."

Watu wakacheka. Unajua anavyoweza kuwachekesha watu hata wakiwa na machozi. Na mimi nilicheka. Kisha nikamwona nyapara amesimama kando ya ngazi akitazama viatu vyake, nikakumbuka gundi.

Jioni Mjomba aliniuliza kuhusu shule kama kawaida. Nilimjibu kama kawaida. Nilingoja aseme habari ya gundi, hata kwa Anti tu, hata kwa nusu sauti. Alikula akaenda kulala.

Jumanne, 18 Machi

Hakuna mvua.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna mvua. Mjini kila kitu sasa kinarudi mvua ikinyesha. Fundi redio kachelewesha redio ya mtu: itarudi mvua ikinyesha. Msichana wa darasani kapoteza kalamu: itarudi mvua ikinyesha. Mwalimu wa hesabu naye kaulizwa matokeo yetu, akajibu hivyohivyo. Darasa zima liliangua kicheko, kisha likanigeukia.

Jumapili, 23 Machi

Nilitaka kumuuliza Mjomba. Nilimpelekea chai ofisini kwake nyumbani, nikasimama. Akainua macho. "Unasemaje, mama?" Nikasema, "Sukari inatosha?" Akasema inatosha.

Alhamisi, 27 Machi

Wingu moja, upande wa mtoni. Watu walitoka madukani kulitazama. Likapita.

Jumatano, 2 Aprili

Imenyesha.

Ilianza wakati wa somo la mwisho, na mwalimu hakujaribu hata kutuzuia. Nilipofika makaburini nusu ya mji ilikuwa pale, wengine na miamvuli, wengine na mifuko ya nailoni kichwani. Tulisimama tukitazama mabamba kama watu wanaotazama mlango wa hospitali mpaka daktari atoke.

Mwanzo chokaa ilishika. Mvua ilipiga juu yake ikateleza. Muda ukaenda. Kisha ikaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua, ikapasuka pembeni, ikaanza kubanduka vipande vipande. Mtu mmoja akasema, "Yanarudi." Watu wakainama.

Chini hapakuwa na kitu, Dada. Sementi tupu ya kijivu. Niliokota kipande kwenye maji nikakigeuza. Kwa ndani kulikuwa na herufi nyeusi, imetazama upande usio wake, imeng'oka pamoja na chokaa. Gundi ilikuwa imeyashika majina na kuyavuta. Vipande vilikuwa vinaelea kwenye mtaro, ule mtaro aliouzibua Mjomba, unaopitisha maji vizuri siku hizi, vikielekea mtoni. Akina mama waliingia mtaroni na kanga zao wakijaribu kuviokota. Soli alijaza vipande kwenye kidebe chake. Alipovimwaga chini ya mwanga wa duka vilikuwa uji mweupe.

Nimerudi nyumbani nimelowa. Anti alinivua sare, akanifunika taulo, akaniuliza, "Yamerudi?" Nilipotikisa kichwa, alikaa kitandani kwangu akashika mdomo. Nataka ujue hilo. Anti si mtu mbaya.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Nyapara ameachishwa kazi. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa manispaa: uzembe.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilikutana na nyapara sokoni. Nilimwamkia, akaitika vizuri, akauliza habari za masomo. Hakusema lolote juu ya Mjomba. Heri angetukana.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nitaandika pole pole, kwa sababu nataka kila kitu kikae mahali pake.

Wageni wa makao makuu wamekuja. Tulipangwa barabarani na sare zetu. Magari yalipofika makaburini yalisimama, maana watu walikuwa wamesimama katikati ya barabara na miamvuli yao. Hawakurusha jiwe, hawakupiga kelele. Mgeni mkuu, mama mmoja mnene mwenye miwani ya mnyororo, alishuka. Mjomba naye akashuka.

Soli alivua kofia. "Mheshimiwa," alisema, "sisi hatuombi fidia. Wewe ulituambia dada yako yumo humu. Tuonyeshe alipo. Ukimjua wako, tutaamini na wetu watajulikana."

Nilimtazama Mjomba. Nilijua, kwa namna alivyokunja vidole, kwamba hajui.

Aliteremka mpaka kwenye njia ile ya miguu, na watu wakamfuata, na mimi nikafuata. Palikuwa na matope. Nilipanda juu ya bamba moja upande wa barabara ili viatu vya shule visilowe. Mjomba alitembea bila kusitasita, akasimama, akanyoosha kidole upande wa mtoni.

"Hapa," akasema.

Kidole hakikutetemeka hata kidogo. Mvua ilikuwa inamchuruzika puani, naye hakuifuta.

Soli alitazama lile bamba muda mrefu. "Mheshimiwa," alisema kwa sauti ya chini, "hapo ni kwa mke wangu."

"Una hakika?"

"Chokaa ilinipoteza, lakini nimekaa hapo miaka mingi."

"Mabamba yote yanafanana, mzee wangu. Huzuni inachanganya."

Ndipo muuza mboga akasema, "Muulizeni binti. Si mtoto wa marehemu yule pale?" Watu wote wakageuka. Mgeni mkuu akanijia, akainama kidogo, akanukia sabuni.

"Binti, mama yako yuko pale anapoonyesha mjomba wako?"

Mjomba alinitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama kama anavyonitazama nikiwa ubaoni na hesabu ngumu, akitaka nipate.

"Sijui," nikasema.

Hilo ndilo neno lote nililosema, na ni kweli. Lakini watu walilisikia kama hapana. Kukawa na mguno, kisha wakaanza kupisha magari wenyewe, mmoja mmoja, kama watu waliokuja kununua kitu wakaambiwa kimekwisha.

Jumatano, 9 Aprili

Alfajiri nilimkuta Mjomba jikoni anapiga viatu vyake rangi mwenyewe. Nikataka kurudi chumbani.

"Njoo, mama. Kaa."

Nikakaa.

"Ungesema ndiyo, ungepungukiwa nini?"

"Sikujua, Mjomba."

"Hata mimi sikujua." Alisugua kiatu mpaka niliona taa ndani yake. "Siku ya kumzika nilikuwa nalia. Sikuwa napima."

"Sasa kwa nini ulionyesha?"

"Watu wale walikuwa wanataka kidole. Nikawapa kidole."

Nikamwambia, "Ungewaambia hujui, wangekuhurumia."

"Wangenihurumia," akasema. "Mbunge hahurumiwi."

Halafu nilimuuliza habari ya gundi na ya nyapara. Nilisema yote kwa pumzi moja. Hakukana. Alisema wageni wakishaondoka na mambo yakitulia, nyapara atatafutiwa kazi nzuri zaidi. Kisha akaniuliza kama nina nauli ya safari ya shule. Nikasema ninayo.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Anti alivunja kikombe.

Jumatano, 16 Aprili

Jina la Mjomba limepita. Yeye ndiye atakayesimama kugombea ubunge. Magari yamepiga honi kutoka stendi mpaka hapa nyumbani, lakini nilipochungulia dirishani niliona ni magari ya chama tu. Wenye maduka walikuwa milangoni, wamefumbata mikono.

Anti alikuwa anapokea simu. Aliniambia alichosema mgeni mkuu kule makao makuu, na alikisema kwa fahari, akiigiza sauti: "Mtu anayeweza kusimama mbele ya watu wenye hasira akanyoosha kidole bila kutetemeka, huyo ndiye tunayemhitaji bungeni."

Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili nisisikike.

Nilikuwa nimefikiri, Dada, kwamba kidole kile kitamwangusha. Nililala siku nyingi nikijilaumu kwamba nimemharibia mtu aliyenilea. Kumbe ndicho kilichompandisha.

Jumapili, 20 Aprili

Wameweka jiwe jipya, la kuchonga, lenye jina la Mama kwa herufi za kuchimbwa. Wameliweka pale pale alipoonyesha. Mpiga picha wa kampeni alikuwepo. Mjomba aliinama, akapitisha mkono juu ya jina, akalia. Alilia kweli. Namjua, hawezi kulia vile kwa ajili ya picha. Mimi pia nililia, na nilipokuwa nalia sikujua nilikuwa nalia juu ya kaburi la nani.

Soli alikuwa amesimama juu barabarani na kidebe chake. Hakuteremka.

Jumatano, 23 Aprili

Soli amekuja nyumbani. Mjomba hakuwepo, Anti akataka kumrudisha mlangoni, lakini nilikuwa nimeshamwamkia.

"Sitaki ugomvi," alisema. Alikataa kiti. "Na wala sisemi mama yenu hana haki ya jiwe zuri. Anastahili. Lakini mwanangu, mimi Ijumaa ikifika sijui nikae wapi. Nikikaa pale, nakaa kwenye jina la mtu mwingine. Nikikaa pengine, naona kama nimemwacha mwenzangu. Ijumaa iliyopita nilikaa njiani, watu wakawa wananiruka."

Anti akasema, "Pole, baba."

"Nimeshapoa," akasema Soli. Akageukia kwangu. "Wewe ulisema hujui. Ni wewe peke yako uliyesema hivyo siku ile. Ukija kujua, uniambie. Hata kama mimi ndiye niliyekosea, uniambie."

Nilimwahidi.

Jumapili, 27 Aprili

Mjomba ameondoka kuzunguka jimbo zima na kampeni. Kabla ya kupanda gari aliniita pembeni, karibu na ule ua wa manispaa wenye mawe meupe.

"Naona unaandika siku hizi," alisema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Dada yako alikuwepo siku ya mazishi. Yeye alisimama karibu kuliko sisi wote." Alinishika bega. "Usimwandikie mambo haya sasa. Ataleta maneno, na uchaguzi uko mlangoni. Baada ya hapo tutakaa kama familia. Sawa, mama?"

Nilimrekebisha kola. Ilikuwa imejikunja. Sikusema sawa, na hakungoja niseme. Gari lilipoondoka alinipungia mkono mpaka kona. Mimi pia nilimpungia. Bado nampenda, na hilo nalo nimeapa kutoliruka.

Jumapili, 4 Mei

Mvua zinaisha. Leo nimemaliza kuandika, na kesho asubuhi nampa konda.

Jana muuza mboga aliniambia jambo. Alisema alikuwa miongoni mwa waliomzika Mama, hakumbuki bamba, lakini anakumbuka ilikuwa jioni na jua lilikuwa kali, kwa sababu alijuta kutobeba mwavuli. Basi leo jioni nilikwenda makaburini nikasimama kwenye ile njia ya katikati, pale waombolezaji husimama siku zote. Nikatazama upande wa mtoni: jua likaniingia machoni mpaka nikafumba. Nikageuka upande wa barabara: likanichoma mgongoni.

Nilirudia mara nyingi, mpaka mtu aliyekuwa anapita akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Kama Mama yuko upande wa mtoni, basi huenda Mjomba alibahatisha akapatia, na itabidi nimwambie Soli kwamba huenda yeye ndiye aliyekosea. Kama yuko upande wa barabara, basi jiwe la Mama liko juu ya mke wa Soli, na mimi huenda siku ile nilipanda juu ya Mama ili viatu visilowe. Nitamwambia hivyo pia, mbele ya watu, kwa sauti ileile niliyosema sijui, hata kama uchaguzi uko mlangoni.

Konda analala huko kwenu siku moja tu, kisha anarudi. Sitaki barua ndefu. Huhitaji kusema lolote juu ya Mjomba, wala kunipa pole. Mpe konda neno moja tu, litanitosha.

Dada, siku ile ulipokuwa umesimama njiani ukimtazama Mama akishushwa, jua lilikuwa machoni mwako au mgongoni?